Shimo Lisilojaa

Mvua za Elinino zilipokatika, Ndinda alishuka kwenye kithima, chemchemi ya mteremko wao, asubuhi moja, akapiga magoti juu ya jiwe la kutekea, akainama na kata mkononi, na hapo akasikia harufu ya mume wake.

Alisimama akageuka. Nyuma yake palikuwa na njia tupu, matope, na nyayo zake mwenyewe. Aloys alikuwa amelala udongoni, kando ya tuta la juu la shamba lao, tangu kabla ya mvua hizo kuanza. Alimwona kwa macho yake akishushwa. Lakini harufu ilikuwa yake. Ilikuwa harufu ya oili ya injini iliyokwisha kutumika, nzito, yenye utamu kidogo na moshi ndani yake. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuna sabuni iliyowahi kuitoa kwenye ovaroli zake, wala kwenye mito, wala kwenye viganja vya mikono yake. Mtu mwingine angesema kithima kinanuka. Ndinda alikaa chini kwenye jiwe, akaweka kata pembeni, akaivuta ile harufu polepole kama mtu anayekunywa chai ya moto.

Hakuwa mwanamke wa kubabaika. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, mkulima wa mbaazi na maharage, na kanisani hakukosa Jumapili hata moja. Alipenda mambo yaliyonyooka. Lakini mjane ni mjane. Siku hiyo alirudi nyumbani na mtungi mtupu, na alipoulizwa na jirani mbona hakuteka, alisema maji yana tope.

Kithima hicho ndicho kilichowanywesha watu wote wa ule mteremko ulio chini ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Maji yake yalichirizika kutoka kwenye mwamba, yakakusanyika kwenye dimbwi lililozungushiwa mawe, na hata miaka ya kiangazi kikali hayakukauka. Juu kabisa, kando ya barabara, ndipo palipokuwa na gereji ya Aloys, na nyuma ya gereji nyumba yake.

Aloys alikuwa fundi wa namna yake. Mafundi wengine wa barabara ile walifungua kizibo cha injini, oili ikamwagika chini, wakaikanyaga wakaendelea na kazi, hata udongo mbele ya gereji zao ukawa mweusi na mgumu kama lami. Aloys hakuuvumilia uchafu huo. Alichimba shimo nyuma ya gereji, refu kama la choo, akalifunika kwa bati na juu ya bati akaweka jiwe. Kila oili chafu aliyoitoa kwenye gari aliikinga kwa karai, akaibeba mwenyewe kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa, akaimwaga shimoni, akarudisha bati na jiwe. Majirani walikuja na makopo kuomba kidogo ya kupaka vigingi vya ua visiliwe na mchwa. Iliyobaki, yote, ilikwenda shimoni. Watu walimsifu. Walisema kwenye gereji ya Aloys ungeweza kumwaga ugali chini ukaula.

Naye alikuwa na mzaha wake mmoja, aliourudia mpaka kila mtoto wa mteremko akaujua. "Shimo langu halijai," alisema. "Lina tumbo kuliko chifu."

Watu walicheka. Ndinda pia alicheka, kila mara, kama mke anayempenda mumewe anavyocheka mzaha wa zamani. Hakuna aliyeuliza swali dogo lililokaa ndani ya mzaha ule, kwamba kitu kikimwagwa miaka na miaka mahali pasipojaa, huwa kinakwenda wapi. Kuna uzembe wa mikono na kuna uzembe wa akili, na huu wa pili huvaa nguo safi.

Baada ya ile asubuhi ya kwanza Ndinda alianza kushuka kithimani kabla ya wengine. Hakwenda kuteka. Alikwenda kukaa. Alimweleza Aloys habari za nyumbani: bati la jikoni limeng'olewa na upepo, mbaazi zimeoza kwa maji mengi, Musembi ndugu yake amekuwa mkali siku hizi. Mara nyingine alibeba chai ya tangawizi, isiyo na maziwa kama alivyoipenda marehemu, akaimimina kando ya jiwe. Alijua kanisa lake lingesema nini kuhusu chai hiyo. Aliimimina hata hivyo, halafu akaangalia huku na huku.

Siku moja Wayua alimkuta hapo. Wayua alikuwa mama mzee wa jirani, mwenye maneno mengi na moyo mwema, aliyemlea Ndinda kama mkaza mwana tangu alipoolewa. Alitua mtungi wake, akachungulia majini, akarudi nyuma hatua.

"Mke wa fundi," alisema, "umeona?"

Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba, na utando ule uliwaka rangi zote: nyekundu, kijani, zambarau, zikijiviringa na kunyooka pale upepo ulipopita.

"Mukunga mbua," Wayua akanong'ona.

Hilo ni jina la Wakamba la upinde wa mvua. Na wazee wanajua kwamba upinde ule hauishi angani. Unaishi majini. Ni mnyama wa zamani, mwenye rangi, anayehamia kwenye chemchemi apendayo, na hapo alipo pana mambo.

"Hajawahi kuingia hapa," alisema Wayua. "Mama yangu alichota hapa, na mama yake. Ni nini kimemleta?" Akanusa hewa, mara mbili. Kisha akamtazama Ndinda kwa macho yaliyoanza kulengwa na machozi. "Hii si harufu ya fundi?"

Ndinda angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hajui. Badala yake alishika mkono wa yule mama, na kwa furaha ya mtu aliyekuwa akidhani amepata wazimu peke yake, akasema, "Wewe pia unaisikia?"

Hivyo ndivyo neno lilivyotoka, na neno likitoka halina lijamu. Kabla ya wiki kwisha mteremko mzima ulijua kwamba Aloys amerudi, amepanda mukunga mbua, na amekuja kuwatunza watu wake. Wengine waliogopa. Wengi walifurahi, kwa maana Aloys alikuwa mtu mwema na hakuna aliyemwogopa alipokuwa hai. Walianza kuyaheshimu yale maji. Zamani walikuwa wakiupuliza utando wa vumbi ukae pembeni kabla ya kuteka. Sasa waliuteka utando wenyewe, wenye rangi, kwa uangalifu, wakisema ndiyo baraka. Mbuzi waliofikishwa hapo walinusa wakageuza vichwa. Watu walisema mbuzi hana akili.

Emily, binti wa mwisho wa Wayua, alikuwa amejifungua mwezi huo. Wayua alimchukua mjukuu, akachovya kidole kwenye zile rangi, akakitia mdomoni mwa mtoto. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Huyu alikuwa mtu wa mikono safi." Ndinda alikuwepo. Alitabasamu.

Musembi, ndugu wa Aloys, ndiye aliyesema lazima achinjwe mbuzi. Mtu hawezi kurudi nyumbani asikaribishwe, alisema. Jumamosi ikachaguliwa. Ndinda ndiye angetoa mbuzi, na hilo lilimpendeza, kwa kuwa tangu mazishi hajawahi kupewa nafasi ya kumfanyia mumewe jambo lolote.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo, pikapu ilisimama mbele ya gereji iliyofungwa. Alishuka Hirad, Msomali mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa Machakos mjini. Pikapu yake ilitengenezwa na Aloys kwa miaka mingi, na wawili hao walikuwa wakitaniana kama ndugu.

"Mama, pole tena," alisema. "Mzee alikuwa mtu, walahi."

"Asante, Hirad. Karibu. Umekuja kuangalia mbuzi?"

"Mbuzi ningekuwa nimeshawasikia wakilia waliponiona." Akacheka, kisha akakuna kidevu. "Nimekuja kwa kitu kingine. Ile oili ya mzee, ya kwenye shimo, iko?"

"Oili chafu? Ya nini?"

"Siku hizi nikishusha ng'ombe Athi River, kuna watu huko wananunua oili chafu. Wanaichuja, wanaipika, inatoka safi, inafanya kazi tena." Aligonga boneti ya pikapu yake. "Mimi pia sikujua. Nilidhani oili ikishatumika imekufa. Kumbe haifi, mama. Oili haifi. Inachafuka tu."

Ndinda alimwongoza nyuma ya gereji. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya bati. Hirad alisukuma jiwe kwa mguu, wakashika bati wote wawili, wakaliinua.

Harufu ikapanda. Ilikuwa ileile, nene zaidi, na ilimpiga Ndinda kifuani hata akashika ukuta. Alidhani akichungulia atamwona Aloys amekaa humo chini anamcheka.

Hirad alichungulia. Alitupa jiwe dogo. Walisikia limetua kwenye tope, si kwenye oili. Kuta za shimo zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na chini kabisa palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji yenye rangi zote.

"Ameuza?" aliuliza Hirad.

"Hajawahi kuuza. Amemwaga humu tangu tuoane. Alikuwa anasema—"

"Anasema nini?"

"Shimo lake halijai."

Hirad alianza kucheka, kwa kuwa naye alikuwa ameusikia mzaha ule, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Aliangalia shimo. Aliangalia mteremko ulivyoshuka kutoka pale, mwamba juu ya mwamba, mpaka kwenye ile miti ya kijani iliyoficha kithima.

"Kwetu," alisema taratibu, "ukikamua ngamia na chombo hakijai, humsifu ngamia wala chombo. Unatafuta maziwa yanamwagikia wapi."

Ndinda alirudisha bati peke yake, akavuta jiwe juu yake kwa mikono miwili, akamwambia hakuna oili ya kuuza. Hirad aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyetoka matangani.

Tangu hapo Ndinda hakupata raha. Alijua, na hakutaka kujua. Alipoinama kithimani harufu ilikuwa ileile, lakini haikusema naye tena kama mume. Ilisema ule mzaha tu, shimo langu halijai, shimo langu halijai, na kila iliposema alisikia kicheko cha Aloys, na chake mwenyewe nyuma yake. Aliwaza hivi: nikisema, namtoa kaburini na kumvua nguo mbele ya watu. Fundi msafi kuliko wote ndiye atakayekumbukwa kama mtu aliyewanywesha majirani zake uchafu. Na mimi nitabaki na nini? Kithima kikisafishwa, harufu itakwenda, na itakuwa mara ya pili amekufa, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza, ninaye. Kila asubuhi ninaye.

Hilo la mwisho ndilo lililomshika zaidi, na lisipambwe jina zuri. Mapenzi yanayohitaji watu wengine wanywe sumu ili yaendelee ni ulafi kama ulafi mwingine wowote.

Ijumaa alipita kwa Wayua kumpelekea unga wa uji wa wageni wa kesho. Alimkuta Emily amekaa mlangoni, mtoto begani, uso umemsawajika.

"Hakuna kinachokaa tumboni," alisema Emily. "Anatoa kote. Na mama anasema tumwongeze maji ya fundi."

Ndani, Wayua alikuwa ameshika kikombe. Alikiinua kwenye mwanga ili rangi zionekane, akatabasamu, akamnyooshea Ndinda. "Anza wewe, uliyekuwa wake. Halafu mtoto."

Ndinda alikipokea kile kikombe. Alikiangalia. Alitoka nacho nje, akakimwaga chini, mbali na mlango.

"Mpeleke hospitali leo," alimwambia Emily. "Na asinywe tena maji ya huko chini. Hata tone."

"Mke wa fundi!" Wayua aliita kutoka ndani.

"Kesho, mama," alisema Ndinda. "Nitasema kesho, mbele ya wote. Leo mpelekeni mtoto."

Jumamosi watu walikusanyika kithimani. Mbuzi alifungwa mtini. Musembi alikuwa amevaa koti la kaka yake. Ndinda alishuka na sufuria yenye maji safi aliyokinga kwenye bati la nyumba, na kopo lenye donge la udongo mweusi.

"Shemeji, hiyo sufuria ya nini?" aliuliza Musembi. "Nyama bado inatembea."

Wachache walicheka. Ndinda aliiweka sufuria juu ya jiwe la kutekea.

"Ndugu yako alikuwa akisema shimo lake halijai," alisema. "Mlicheka. Nami nilicheka. Juzi nimelifungua. Ni tupu."

"Basi?"

"Basi oili iko wapi?"

Ndinda alitoa lile donge kwenye kopo na kulidondosha ndani ya sufuria. Lilizama. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha juu ya maji likafunguka jicho dogo la rangi, nyekundu na kijani na zambarau, likatanuka mpaka likagusa kingo, na harufu ikawafikia watu mmoja baada ya mwingine kwa mstari walivyokuwa wamesimama.

"Mukunga mbua ni huyo," alisema Ndinda. "Nimemtoa nyuma ya gereji kwa jembe."

Musembi alipumua kwa nguvu. "Unamchimbua ndugu yangu. Mtu aliyeweka gereji yake kama kanisa, leo mke wake anamwita mchafu mbele ya mbuzi."

"Simwiti mchafu. Alikuwa msafi. Alifagia mlangoni kwake, akasahau kwamba chini ya mlango wake kuna watu."

"Tumemzika kwa heshima."

"Tulimzika yeye. Kazi yake hatukuizika, Musembi. Tunainywa."

Wayua alikuwa amesimama nyuma, ameletwa na kijana wa jirani, macho mekundu kwa kukesha hospitalini. Aliangalia sufuria, kisha akainua kidole chake, kile alichokichovya, akakiangalia kama si chake.

"Nilimpa mtoto," alisema.

Mtoto alipona, na leo ni kijana mwenye miguu mirefu. Wayua hakupona. Mpaka leo hamlishi mjukuu yeyote kwa mkono wake.

Musembi alifungua kamba ya mbuzi, akaondoka naye bila kumuaga mtu yeyote. Watu walidhani amesusa. Mchana alirudi juu kwenye gereji, bila koti la kaka yake, na jembe na sururu begani. Aliingia kwenye lile shimo wa kwanza.

Walichimba siku nyingi. Ule weusi ulikuwa umeingia ndani ya ardhi kuliko walivyofikiri, umefuata nyufa za mwamba kama mizizi. Hirad alileta mapipa bila kuulizwa mara mbili. Oili iliyokamulika ilikwenda Athi River kuchujwa na kupikwa. Udongo mweusi ulitiwa magunia, ukapelekwa kwa watu wenye tanuru kali waliokubali kuuchoma. Kila pikapu ilipoondoka Ndinda alisimama barabarani akaitazama mpaka ikapotea. Alikuwa akisindikiza jeneza la pili, vipande vipande.

Kithima kilifungwa. Watu wa mteremko walikwenda kuteka mbali, wakinung'unika, na wengine walimnung'unikia yeye. Mwanzoni harufu ilibaki kwenye ovaroli moja aliyoificha sandukuni bila kuifua. Baada ya miaka michache hata hiyo ikaisha.

Kazi aliyoianza baadaye hakutumwa na mtu. Alikuwa akipita gereji za Machakos na za barabara ya Kitui, akiwaachia mafundi mitungi mitupu na kuchukua iliyojaa, kwa ajili ya pikapu ya Hirad. Mafundi vijana walimpa jina la Mama Shimo.

"Mama Shimo, niaje?" Jeremiah wa gereji ya darajani alimtania mara moja. "Bado unatafuta mafuta kama Mwarabu?"

"Salama. Wewe unamwaga wapi?"

"Niko na shimo hapo nyuma, mama. Safi kabisa."

"Linajaa?"

"Halijai hata."

"Basi uko na mtu huko chini unamnywesha," alisema Ndinda. "Mtafute umjue jina."

Jeremiah alicheka, akaangalia chini kwenye mteremko wake, akaona paa za mabati na kamba za nguo. Wiki iliyofuata mtungi wake ulikuwa umejaa.

Kithima kilifunguliwa tena karibu mwaka wa elfu mbili na tano, baada ya maji kupimwa na kukutwa yanafaa. Lakini ardhi haisahau upesi kama watu. Kila mvua kubwa inaponyesha, Ndinda hushuka kabla ya wengine. Hupiga magoti juu ya jiwe, huinama, hufumba macho, huvuta pumzi. Hajawahi kumwambia mtu ni jibu lipi analiogopa zaidi.

Mara nyingi hakuna kitu. Maji tu, baridi, na harufu ya mawe. Huteka, hurudi, na siku hiyo huwa haongei sana. Mara nyingine kwenye kona ya dimbwi huwa pana utando mdogo kama ukucha, wenye rangi zote. Hapo hukaa kidogo. Kisha huinuka, hukata tawi la miiba, hulilaza njiani, kama wafanyavyo watu wa huko wanapotaka kusema hapapitiki, na hupanda mpaka kwa Wayua, ambaye sasa haoni vizuri lakini humtambua kwa hatua.

"Amekuja?" huuliza Wayua.

"Amekuja," husema Ndinda. "Leo msiteke."